Walibishana na Wayunani

Dai linalorudiwa mno kuhusu wanazuoni wa enzi ya Abbasiya ni kwamba walihifadhi tu elimu ya Wayunani, kisha wakaikabidhi Ulaya. Walifasiri kweli, tena kwa wingi: Hunayn ibn Ishaq alifasiri vitabu vingi vya tiba vya Galen pale Baghdad katika karne ya 9. Lakini mlinzi wa bohari habishani na mali anayoilinda, na watu hawa walibishana.

Mtazame Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri. Euclid na Ptolemy walifundisha kuwa jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Yeye akahoji: mbona basi jua kali humuumiza macho anayelitazama? Akashikilia kwamba nuru hutoka kwenye kitu, ikaingia jichoni. Wala hakuishia kwenye maneno. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Kila taa ikatoa doa lake ukutani, na ilipofunikwa moja, doa lake tu likatoweka. Miale ilipita pamoja kwenye tundu lile bila kuchanganyikana. Kisha akaandika kitabu kizima cha kumtilia shaka Ptolemy.

Au mchukue Ibn al-Nafis, tabibu wa Kairo. Galen alisema damu hupenya vitundu visivyoonekana katika ukuta unaotenga vyumba vya moyo. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis aliandika kuwa ukuta huo hauna vitundu: damu hupitia mapafuni. Ulaya ilisubiri hadi 1553 kuyasoma hayo kwa tabibu Servetus.

Dai la pili, kwamba kazi yote ilikuwa ya Waarabu Waislamu, halihitaji maneno mengi. Hunayn alikuwa Mkristo. Thabit ibn Qurra, Msabii wa Harran. Ibn Sina alizaliwa karibu na Bukhara, mbali na nchi za Waarabu. Kiarabu kilikuwa lugha yao ya kazi. Sisi tunaoandika Kiswahili huku nyumbani tukisema Kichaga au Kiha tunalielewa hilo vizuri.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: kwamba mwanateolojia al-Ghazali aliiua sayansi, na Wamongolia wakaizika. Al-Ghazali alifariki mwaka 1111, kabla Ibn al-Nafis hajazaliwa. Na katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, alionya kuwa anayekanusha hesabu za kupatwa kwa jua kwa jina la dini anaidhuru dini yenyewe. Wamongolia, wakiongozwa na Hulagu, waliiangamiza Baghdad mwaka 1258, na hasara ile haina kifani. Hata hivyo, mwaka uliofuata Nasir al-Din al-Tusi alianza kujenga kituo cha kuchunguza nyota huko Maragha, kwa fedha za Hulagu yuleyule. Karne moja baadaye, Ibn al-Shatir alibuni kielelezo cha mwendo wa mwezi kinacholingana kimahesabu na kile alichokichapisha Copernicus mwaka 1543. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima nyakati za sala katika Msikiti Mkuu wa Damascus.