Hamu Haitangulii Kazi

Leo naweka tarakilishi kando kidogo (nitairudia tu, si mnanijua) ili nizungumzie swali ninaloulizwa karibu kila wiki hapa Nyamira: "Wewe motisha huitoa wapi?"

Wanaouliza ni vijana wa rika langu. Wengi wana shahada. Karo yao ililipwa na bonasi ya chai, na sasa wanaendesha bodaboda au wako nyumbani wakingoja kuitwa kazini. Mmoja anataka kujifunza kuandika programu. Mwingine anataka kurudi chuoni amalize mwaka wa mwisho. Mwingine anataka kuacha pombe. Wote wana sentensi moja: nikipata hamu, nitaanza.

Maoni yangu ni haya, na niko tayari kuyatetea: hamu haitangulii kazi, huifuata. Anayeingoja ndipo aanze atangoja mpaka aote mvi.

Hebu tazameni chai yetu. Shamba huchumwa kwa mzunguko, kila baada ya wiki moja hadi mbili, majani mawili na chipukizi. Ukiruka mzunguko majani hukomaa yakawa magumu, na karani wa kituo cha kununulia atayakataa. Ndiyo maana asubuhi ya ukungu na umande utawaona watu shambani, vikapu mgongoni. Mwulize mchumaji kama leo ana motisha, atakucheka. Leo ni siku ya kuchuma, basi. Malipo ya kila mwezi ni kidogo. Bonasi huja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida karibu na Oktoba, na hakuna mkulima anayeingoja ndipo aingie shambani, kwa sababu bonasi hutokana na kilo zilizokwisha kupimwa. Hamu nayo ndivyo ilivyo. Hulipwa baadaye.

Tuna mfano mwingine wa nyumbani. Naftali Temu, mwana wa Nyamira, alikwenda Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 akarudi bila medali. Mwaka 1966 huko Kingston, Jamaika, alishinda mbio za maili 6 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akamwacha nyuma Ron Clarke wa Australia aliyekuwa mshikilizi wa rekodi ya dunia ya mita 10,000. Kisha tarehe 13 Oktoba 1968, Mexico City, alishinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.6 tu. Hiyo ndiyo medali ya dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, na siku chache baadaye Temu akaongeza shaba ya mita 5,000.

Watu hukumbuka zile sekunde 0.6. Mimi hufikiria miaka 4 kati ya Tokyo na Mexico, asubuhi baada ya asubuhi, bila mtu wa kupiga makofi. Temu alikuwa mwanajeshi, na jeshini mtu haulizwi ameamka na hamu gani. Ratiba ikiwapo, hamu ya siku hiyo haina kura.

Msidhani haya ni maneno ya wazee tu. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walichapisha utafiti juu ya watu 96. Kila mmoja alichagua tendo moja dogo, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni, akajaribu kulifanya kila siku kwa wiki 12. Kwa kawaida ilichukua kama siku 66 kabla tendo halijaanza kujifanya lenyewe. Kwa wengine ni siku 18, na kwa wengine ilikadiriwa kufika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hilo la mwisho ni muhimu sana, maana wengi wetu tukiruka Jumanne tunatangaza matanga ya mpango mzima :-)

Basi nifanye nini? Mimi hutumia mambo manne.

1. Weka saa na mahali. "Nitajifunza programu mwaka huu" haina miguu. "Nikimaliza kunywa chai ya alfajiri nitakaa mezani nusu saa" ina miguu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza tangu 1999 kwamba mtu anayepanga lini, wapi na vipi hutimiza nia yake zaidi ya mwenye nia tupu.

2. Punguza mpaka uone aibu kukataa. Ukurasa mmoja. Mistari mitano ya msimbo. Siku mbaya ukifanya hicho kidogo, umefanya.

3. Andika kumbukumbu. Sisi waandishi wa programu tuna Git, ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika Aprili 2005. Kila badiliko huhifadhiwa na tarehe yake na maelezo mafupi. Siku moja moja huonekana si kitu, lakini ukitazama nyuma miezi mitatu unaona ulikotoka. Asiye na Git atumie daftari la shule.

4. Tafuta shahidi. Si umati wa mtandaoni, mtu mmoja tu atakayekuuliza Jumapili: umefika wapi?

Programu yangu inayohesabu kilo za chai za nyumbani na kuzilinganisha na risiti iliandikwa hivyo, nusu saa kila alfajiri kabla ya kazi ya mwajiri. Kuna siku ziliingia mistari mitatu tu. Baada ya miezi mitano mama akaanza kuitumia, na hamu niliyoipata siku hiyo imenisukuma mpaka leo. Angalieni ilifika lini.

Sasa, kuna watakaoniambia: rahisi kwako kusema. Nakubali nusu. Si kila aliyekwama amekosa utashi. Kuna asiye na tarakilishi, asiye na pesa za bando, na ambaye umeme humpotelea siku mbili mvua ikinyesha. Anayepambana na pombe huenda akahitaji daktari na watu wa kumshika mkono, wala nusu saa ya alfajiri haitoshi. Kumwambia mtu kama huyo "jitume" ni kumtukana. Ninaosema nao ni wale wenye njia mbele yao, lakini wamekaa kando ya barabara wakingoja kupandwa na ari.

Na kuna wale wa upande wa pili, wanaotaka kubadili maisha yote kwa siku moja: kuacha kazi Ijumaa, kuwa mwandishi wa programu Jumatatu. Hao nawarudisha shambani. Kila baada ya miaka michache chai hupogolewa, na baada ya hapo mche hukaa miezi kadhaa bila kutoa jani la kuuza. Mkulima makini hapogoi shamba lote kwa mara moja. Hupogoa sehemu moja mwaka huu, nyingine mwaka ujao, ili jikoni moto usizimike. Badilisha maisha hivyo hivyo. Pogoa saa za jioni kwanza, au Jumamosi, kazi iendelee kukulisha. Lile jipya likianza kutoa, ongeza sehemu.

Kwa hivyo rafiki yangu, usiniulize tena motisha naitoa wapi. Niulize naanza saa ngapi. Kisha nenda ukachague saa yako, uiandike, umwambie mtu mmoja, na uanze kabla hujajisikia.

Ni hayo tu kwa leo. Nusu saa yangu ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hivyo naenda kulala.