Mwenda Pole Naye Hujikwaa: Mitaro, Matatu na Wazee Wetu

Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Sidhani kama wahenga hao waliwahi kwenda pole kando ya mtaro wa mabomba katika mitaa ya mashariki mwa jiji la Nairobi, mvua imenyesha usiku kucha, udongo umerundikwa juu ya kijia cha waendao kwa miguu, na kituo cha matatu kimehamishwa bila ya mtu kuambiwa kilikopelekwa. Hapo, anayekwenda pole ndiye anayejikwaa wa kwanza. Kijana huuruka mtaro akaendelea na mazungumzo yake ya simu. Mzee husimama.

Makala haya hayakusudii kupinga uchimbaji wa mitaro hiyo. Mitaa kama vile Kaloleni, Ziwani, Bahati na Maringo ilijengwa kabla ya uhuru, na mabomba yaliyozikwa enzi hizo hayakukadiriwa kuuhudumia umati ulioko leo. Yeyote aliyewahi kununua maji ya mtungi kutoka kwa msukuma mkokoteni anajua thamani ya bomba jipya. Nyanya yangu, ambaye anaishi katika mmojawapo wa mitaa ya aina hii, alikuwa miongoni mwa waliofurahi zaidi kusikia kuwa mabomba mapya yangeletwa. Hoja yangu ni nyingine: kwamba mzee wetu hupotezwa na lugha kabla hajapotezwa na mtaro, na kwamba sisi tunaoisomea lugha yenyewe tuna sehemu yetu ya lawama.

Nianze na kisa chenyewe. Nyanya ana umri wa miaka 78 na anaugua kisukari na shinikizo la damu. Kila baada ya miezi mitatu huenda kliniki katika hospitali ya umma. Kwa miaka mingi amekuwa akitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anatembea hatua chache hadi kituo cha matatu, anapanda gari moja, na kufikia saa mbili amekwisha kupanga foleni. Asubuhi ninayoizungumzia alifika kituoni kama kawaida, akasimama. Hakuna gari lililopita. Aliona mtaro, aliona mafundi wenye kofia za manjano, na aliona bango lililosimamishwa juu ya mapipa mawili. Bango lilieleza kwa Kiingereza kuwa barabara ilikuwa imefungwa na kwamba wananchi wangepaswa kutumia njia nyingine. Nyanya husoma Kiswahili vizuri, hasa Biblia yake. Kiingereza hakijui. Alikaa juu ya jiwe hadi saa tatu unusu, alipopita mama muuza mboga akamweleza kuwa magari yalikuwa yakipitia upande wa pili wa mtaa tangu juzi. Saa hiyo kliniki ilikuwa imekwisha kupokea wagonjwa wake wa siku. Akarudi nyumbani.

"Mjukuu wangu," aliniambia jioni nilipomtembelea, "mimi nilidhani matatu zimegoma."

Hakulalamika zaidi ya hapo. Hakuniambia pia kuwa dawa zake zilikuwa zimebakia za siku nne. Kizazi chake hakina desturi ya kuwasumbua watoto wa watu kwa habari za vidonge. Alipofika kliniki hatimaye, baada ya wiki mbili, shinikizo la damu lilikuwa limepanda kiasi kwamba muuguzi alikataa kumruhusu arudi nyumbani siku hiyo. Alilala wodini usiku tatu.

Msomaji anaweza kusema kuwa hiki ni kisa cha mtu mmoja. Ni kweli. Lakini Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban Wakenya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na wale wanaoishi mijini wanategemea miguu na matatu kuliko sisi, kwa sababu ndio wanaokwenda kliniki mara nyingi na ndio wasioweza kuahirisha safari. Hebu tupige hesabu ndogo. Wahandisi wa barabara aghalabu hukadiria kuwa mtembea kwa miguu huenda mita 1.2 kwa sekunde. Kituo kikisogezwa mita 800, huo ni mwendo wa dakika 11 hivi, jambo ambalo mhandisi kijana hawezi kulihesabu kuwa usumbufu. Mzee anayekwenda nusu ya kasi hiyo atatumia dakika 22, bila kuhesabu mapumziko, na mapumziko ni lazima yawepo. Akae wapi? Vituo vyetu vingi havina hata ubao wa kukalia. Akiamua kupanda bodaboda, akithubutu, itambidi atoe nauli isiyokuwa katika bajeti yake. Nyanya alilipa shilingi 100 kwenda na 100 kurudi. Mzee aliyesajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hupewa na serikali shilingi 2,000 kwa mwezi. Sehemu moja kwa kumi ya posho ya mwezi mzima ikaishia katika kuuzunguka mtaro mara moja.

Sasa nirejee kwenye lugha, ambayo ndiyo iliyotukutanisha katika jarida hili.

Mzee wa Nairobi anausoma mji kwa namna yake. Kabla ya matatu kutawala, alizoea mabasi ya Kenya Bus, yaliyoanza kuhudumu jijini mwaka 1934, yenye namba na vituo visivyohama. Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, matatu zilipakwa mstari wa manjano na kutakiwa kuonyesha njia zinazopitia. Kwa mzee huo ulikuwa msaada mkubwa, kwani hata asiyeweza kusoma sentensi nzima hulitambua jina la mtaa wake au namba ya gari lake. Njia inapofungwa, maandishi yale hubaki vilevile ubavuni mwa gari ilhali gari lenyewe halipiti tena pale linaposema linapita. Tukitumia istilahi za darasa la semantiki, kirejelewa kimehama na neno limebaki. Kijana humaliza utata huo kwa kuuliza kwenye simu au kwa kumpigia makanga kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Mzee huamini maandishi, kwa kuwa alifunzwa kuyaamini.

Nawe chunguza mabango yanayosimamishwa penye ujenzi. Kubwa kuliko yote, lenye rangi na nembo, hutaja jina la mradi, mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri na mfadhili, yote kwa Kiingereza. Nimewahi kuona moja lililoongezwa Kichina. Kiswahili hakikuwamo. Bango hilo hutuambia nani anamlipa nani, habari njema kwa mkaguzi wa hesabu, lakini halimwambii mpita njia apite wapi. Matangazo mengine huwekwa magazetini kwa Kiingereza, au katika mitandao ya kijamii ambamo nyanya yangu hayumo na wala hana nia ya kuwamo.

Katiba ya mwaka 2010 haina utata kuhusu jambo hili. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 57 kinaitaka Serikali ichukue hatua za kuhakikisha kuwa wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Na Kifungu cha 260 kinamtaja mzee kuwa ni mtu aliyetimiza umri wa miaka 60. Tumezoea kuvitumia vifungu hivi makongamanoni, hasa cha 7, tunapotaka kupigiwa makofi. Sijaona tukivipeleka penye mtaro. Mkandarasi hupewa masharti marefu kuhusu kina cha bomba na ubora wa saruji. Kuongeza sharti moja kwamba kila tangazo linaloelekezwa kwa umma liandikwe kwa Kiswahili kwanza, kwa herufi zinazosomeka na macho yaliyochoka, kungegharimu rangi na ubao tu.

Wapo watakaonijibu kuwa wazee wengi hawasomi lugha yoyote, na kwamba baadhi yao, hususan waliohamia mjini uzeeni kuishi na watoto wao, wanaelewa lugha zao za mama pekee. Pingamizi hili lina uzito na sitaki kulipita mbiombio. Ubao wa Kiswahili hautamsaidia asiyesoma, wala mwenye mtoto wa jicho. Ndiyo maana tangazo lililoandikwa halitoshi. Chifu ana baraza, kanisa na msikiti vina vipaza sauti, redio huzungumza kwa lugha za mama tangu alfajiri, na mafundi wenyewe huwa na kijana wa kushika bendera ambaye kazi yake ni kuyaelekeza magari. Kijana huyo angefunzwa sentensi tatu za adabu za kuwaelekeza watu pia. Nimemsikia mmoja akimwambia mzee, "Wee, toka hapo!" Kuna wakati lugha huwa imetumika na uelewano ukawa umepatikana, na bado kosa limetendeka.

Makanga nao wana lao. Gari likibadilisha njia, abiria hushushwa popote linapogeuzia. "Shosho, mwisho ni hapa," na shosho atashukia kando ya lami asiyoijua, akaachiwa moshi. Hata hivyo sitawatwika mzigo wote. Makanga huyo naye hakuambiwa na yeyote. Aliikuta barabara imezibwa asubuhi kama sisi sote.

Haya si mambo ya mtaa mmoja. Tarehe 3 Desemba 2018, serikali ya kaunti ya Nairobi ilipozizuia matatu kuingia katikati mwa jiji, maelfu ya abiria walishushwa pembezoni wakalazimika kutembea, na wazee na wagonjwa walikuwa miongoni mwao. Marufuku ile ilisitishwa upesi kwa sababu ya malalamiko. Barabara ya Nairobi Expressway ilipojengwa, kuanzia mwaka 2020 hadi ilipofunguliwa mwaka 2022, mabomba na nyaya za huduma mbalimbali zilihamishwa kuipisha, na wasafiri wa Barabara ya Mombasa walipitia misimu ya kuzungushwa. Tofauti ya visa hivi na mtaro wa mtaani kwetu ni kwamba vile viliandikwa magazetini. Mtaro mdogo hauna mwandishi. Unachimbwa, unakaa miezi, unafukiwa, na aliyekosa kliniki hakuhesabiwa popote.

Katika vyama vyetu vya Kiswahili tumewahi kukesha tukijadili jinsi ya kuyaita mambo haya. Je, gari likielekezwa kwingine tuseme limepita njia mbadala, au limechepushwa? Mwenzangu mmoja alitetea neno mchepuko kwa ari, hadi mwingine alipomkumbusha kuwa siku hizi vijana, na hasa majirani zetu wa Tanzania, wakisikia mchepuko hufikiria mpenzi wa siri. Tulicheka sana. Mjadala ulikuwa mzuri na siujutii. Lakini ni lazima niungame jambo. Bango lile la Kiingereza lililomkalisha nyanya yangu juu ya jiwe, mimi nilikuwa nimepita mbele yake siku moja kabla, nikielekea chuoni. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne wa Kiswahili. Mkobani nilikuwa na tasnifu yangu kuhusu ukuzaji wa istilahi. Nililisoma, nikalielewa, nikapita upande wa pili kupanda matatu. Haikunijia kuwa palikuwa na kazi ya tafsiri pale, tena isiyohitaji kamusi.

Baada ya nyanya kulazwa, nilichukua kipande cha katoni dukani, nikaandika kwa kalamu nene: KITUO CHA MATATU KIMEHAMIA NYUMA YA KANISA. NENDA KUSHOTO. Nilikifunga kwa kamba kwenye nguzo ya umeme, nikasimama kando kidogo, nikijipongeza.

Mzee mmoja akaja na mkongojo wake. Alisimama, akavaa miwani, akasoma polepole huku midomo ikicheza. Kisha akanigeukia. "Kijana, ni wewe umeandika hivi?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umefanya vyema. Lakini hapa kuna makanisa mawili. Ni nyuma ya lipi?"

Nilirudi dukani kuomba katoni nyingine, naye akafuatana nami. Safari hii aliyetunga maneno ni yeye: kanisa lenye mabati ya bluu, mkabala na kinyozi, mwendo wa mapumziko mawili.