Nani anamshikia mtoto kiti?

Juma hili likirimba yetu ilichelewa kufungwa. Mwenzetu mmoja, mjane tangu mwaka jana, alileta shida yake: shemeji yake ameshika karatasi za parseli, anasema anamtunzia mtoto mpaka akomae. Mtoto ana miaka minane. Wengine wetu tulisema shemeji ndiye baba mdogo, ana haki. Wengine tulicheka tu, maana hadithi hiyo tumeisikia Kadutu na Bagira mpaka tumechoka.

Swali la mwenzetu ni la zamani kuliko mji wetu. Kule China, miaka 3000 hivi iliyopita, ukoo wa Zhou uliwaangusha wafalme wa ukoo wa Shang. Wazhou walisema utawala unatoka Mbinguni, na Mbingu huunyang'anya kwa mfalme mwovu. Lakini mfalme wao alikufa upesi, akaacha mtoto jina lake Cheng. Baba mdogo wa mtoto, ambaye vitabu vinamwita Mtemi wa Zhou, akashika utawala kwa niaba yake. Ndugu zake wengine wakaeneza maneno kwamba anakitaka kiti mwenyewe, kisha wakaasi. Aliwapiga vita. Na katika mwaka wa saba, Cheng akiwa amekomaa, alimrudishia utawala wote, akasimama mbele yake kama watumishi wengine.

Karne tano baadaye, mwaka 551 kabla ya Kristo, alizaliwa Confucius. Baba yake alikufa yeye akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, na mama yake alimlea katika umaskini. Hatushangai kwamba yatima huyo, kati ya wakubwa wote wa zamani, alimpenda huyo mtemi aliyerudisha mali ya mtoto. Uzeeni alilalamika kwamba hamwoti tena usingizini. Alifundisha kwamba kila mtu afanye kazi ambayo jina lake linasema: baba kazi ya baba, mtawala kazi ya mtawala. Nasi tunaongeza: mlezi kazi ya mlezi.

Basi, baadaye ikaja aibu. Mfalme Wu wa ukoo wa Han ndiye aliyewapa wanafunzi wa Confucius nafasi kubwa serikalini. Alipokaribia kufa, mwaka 87 kabla ya Kristo, mrithi aliyemchagua alikuwa mtoto, umri kama wa huyu wa mwenzetu. Wu akampa mtumishi wake Huo Guang picha ya Mtemi wa Zhou amembeba mtoto Cheng, yaani: fanya kama huyu. Lakini alimwua mama wa mtoto. Kosa lake lilikuwa lipi? Hakuna. Wu aliogopa tu mama kijana asije akatawala kama malkia Lü, mjane wa mfalme wa kwanza wa Han, ambaye alitawala miaka mingi na kugawia ndugu zake vyeo. Na huyo Huo Guang aliyeaminiwa? Hakuachia utawala mpaka alipokufa, karibu miaka ishirini.

Hapo ndipo tulipokumbuka Bushi yetu. Kule Kabare na Ngweshe, mwami hakutawala peke yake. Mama yake, mwamikazi, alikuwa na heshima yake na neno lake, na mwami akiwa bado mtoto, mwamikazi ndiye aliyeshika utawala mpaka akomae. Hatusemi wote walikuwa malaika. Mwamikazi naye alikuwa na kaka zake waliotaka kula. Lakini wazee wa Bushi hawakuona kwamba njia ya kumlinda mtoto ni kumwondoa mama yake.

Na sheria ya leo? Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi wa baba yao, na inampa mjane haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba aliyoishi na mume wake. Shemeji anaweza kusaidia, hata kushauri. Kufungia karatasi ndani ya sanduku lake bila mama kuziona, hapana.

Tulimwuliza mwenzetu kama amewahi kumwomba shemeji azilete mbele ya baraza la familia. Akasema anaogopa ataambiwa anatafuta mume mwingine. Tukakubaliana: Jumanne wawili wetu watamsindikiza, pamoja na shangazi mkubwa wa marehemu, ambaye anampenda mtoto na hamwogopi mtu. Wasipoelewana, tutauliza tribinali. Mwenzetu aje na cheti cha ndoa na cha kuzaliwa kwa mtoto, na nakala zake, si za asili tu.