Zakayo anamjua, lakini je, anaweza kumsoma?

Nenda kanisa lolote kule Mbololo Jumapili ya watoto, utapata sinema ya bure. Mtoto wa miaka sita amepanda kiti, eti ndio mkuyu, anachungulia umati. Ni Zakayo (yule wa Yeriko, tulieni, hatuongei kodi za Nairobi). Maneno yote yako kichwani, hakuna anayekwama. Makofi, simu juu, video inaingia kwenye grupu ya familia.

Sasa mpe yule Zakayo mdogo karatasi yenye hadithi hiyohiyo. Kuna watakaosoma. Kuna pia watakaotiririka vizuri kabisa huku kidole kiko mstari wa tatu na mdomo uko wa saba. Huyo hajasoma, amekumbuka. Na anaweza kupita hivyo madarasani, gredi baada ya gredi, bila mtu kushtuka.

Hatusemi michezo iachwe. Hadithi anayoijua mtoto ni ngazi nzuri sana ya kusomea, maana hapambani tena na maana, amebaki na herufi tu. Kiswahili nacho kinaandikwa kinavyotamkwa: za-ka-yo, m-ku-yu. Badilisha irabu, "ka" inakuwa "ku", "yo" inakuwa "yu". Halafu igizo linampa sababu ya kurudia mstari mmoja mara kumi. Kitabu cha shule nani atakirudia mara kumi?

Shida ni kwamba maneno ya igizo hufundishwa kwa mdomo: mwalimu anasema, watoto wanafuata. Basi mpe karatasi. Si Biblia yenyewe. Ule Muungano wa 1952 una Kiswahili kizito hata kwa wewe unayesoma hapa. Sentensi tatu fupi, herufi kubwa. Kama nyumbani wanaongea Kidawida, msimulie kwanza kwa Kidawida. Akishazoea mstari wake, abadilishane na mwenzake. Kisha mchezee kidogo, andika: "Zakayo anapika ugali juu ya mkuyu." Akicheka, ujue amesoma.

Mambo haya Taita si mageni. Mmishonari Wray wa CMS alifika Sagalla, mlima ulio karibu na Voi, mwaka 1883, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki dini na herufi vilisafiri pamoja. Kwa Kiganda, mpaka leo, "okusoma" ni kusoma kitabu na pia kusali.

Hapo ndipo tunataka watu wawe makini. Darasa la shule ya umma si kanisa. Voi na viunga vyake kuna familia nyingi za Kiislamu, na kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinalinda imani ya kila mtu. Wako wanaosema dawa ni hadithi za pamoja, kama ya Nuhu au Yusufu. Sawa, lakini usikimbilie: Waislamu wengi hawakubali mtu aigize nabii. Ongea na wazazi kwanza. Wakikubali, Nuhu abaki kwenye maneno ya msimulizi, watoto wawe mvua, njiwa na tembo. Tembo hasa! Mbololo hawahitaji picha yake, anatoka Tsavo mwenyewe kuja kumaliza mahindi ya watu. Mzazi asipotaka kabisa, hadithi ya sungura na fisi inafanya kazi ileile, na mtoto asitengwe nje ya darasa kwa sababu hiyo.

Kwa hivyo wewe uliye Nairobi ama Mombasa, ukishuka SGR pale Voi Desemba, mkate na sukari ni sawa, nyanya atafurahi. Ongeza kalamu nene na bunda la karatasi. Kaa chini na hao watoto wa shangazi, andikeni igizo lenu, kila mmoja na mstari wake. Na ile video ya grupu, mrekodi akiwa ameshika karatasi, kidole kwenye neno.