Herufi Nne Hazina Kosa

Wapo miongoni mwa watunzi wetu, na ni watu wa heshima, wasemao kwamba mtihani wa kuchagua ndio ulioliua shairi katika skuli zetu. Mtoto aliyezoea kuandika A, B, C au D, wasema, hawezi tena kukaa na ubeti mpaka umkolee. Wapo na walimu, nao ni wengi zaidi, wauonao mtihani huo kuwa faraja: hutungwa usiku mmoja, husahihishwa asubuhi moja, na maksi zake hazina mjadala. Makundi haya mawili hayapatani kwa lolote ila moja, nalo ni kwamba swali la kuchagua ni kitu chepesi. Hilo ndilo nilikataalo. Swali la kuchagua ni gumu kulitunga kuliko insha, na gharama ya wepesi wetu huilipa mtoto wa Mgogoni, kaskazini mwa Pemba, ambaye herufi moja yaweza kumbakisha skuli au kumtoa.

Tuanze na shairi, kwa kuwa ndilo litukutanishalo katika kurasa hizi. Nani hajaliona swali hili? "Shairi lenye mishororo mitatu katika kila ubeti huitwaje?" Na chini yake: tathnia, tathlitha, tarbia, takhmisa. Mtungaji huweka kalamu chini akiamini kwamba amepima fasihi. Lakini mtoto wa Mgogoni, arudipo skuli, hula akaelekea chuoni. Amekwisha kuhesabu thalatha, arbaa na khamsa tangu hajang'oa meno ya utotoni. Huiona thalatha imejificha ndani ya tathlitha, akaandika herufi yake, akaendelea. Amepata, na pengine hajasoma ubeti hata mmoja. Mwenziwe wa mbali asiyepita chuoni, ambaye huenda anazo tungo nzima moyoni mwake, amekosa. Kilichopimwa hapo ni hesabu za Kiarabu. Na haya hutendeka katika kisiwa cha Kamange na Sarahani, malenga ambao habari na tungo zao zilihitaji kitabu kizima, *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichotoka mwaka 2011.

Je, kosa ni la zile herufi nne? La hasha. Swali la namna hii hunasibishwa na Frederick J. Kelly wa Kansas, Marekani, aliyetunga mtihani wa kusoma kimyakimya mnamo mwaka 1915. Alichokuwa akikimbia ni dhuluma iliyo dhahiri: karatasi moja ya mtoto, walimu wawili, maksi mbili zilizo mbali kama Wete na Mkoani. Nia ilikuwa njema. Kisha likaja jeshi la nchi hiyo mwaka 1917 na haja ya kupima watu kwa maelfu, na tangu hapo wingi ukaitangulia nia. Kwetu Tanzania, mwaka 2012, mtihani wa darasa la saba wa Bara ulipoanza kusahihishwa kwa mashine, hata Hisabati ilifanywa ya kuchagua. Watu walipiga kelele juu ya mashine. Waliouliza yale majibu ya uongo yametoka wapi walikuwa wachache.

Na hapo ndipo penye roho ya jambo. Jibu la kweli hutungwa na somo lenyewe; majibu ya uongo, ambayo wataalamu wa mitihani huyaita vipotoshi, hayana budi kutungwa na watoto. Nina maana kwamba yatoke katika madaftari yao, katika makosa wayafanyayo kila siku. Mwalimu asiyejua wanafunzi wake hukosea vipi hawezi kutunga swali la kuchagua; awezalo ni kujaza nafasi.

Chukua nusu pishi ya karafuu, uongeze na thuluthi ya pishi. Jibu ni sehemu tano za sita. Mtungaji mvivu ataweka kando yake 7, 12 na 100, namba alizookota njiani. Mtungaji ajuaye darasa lake ataweka 2/5, kwa kuwa wapo wajumlishao juu kwa juu na chini kwa chini. Ataweka 1/6, kwa kuwa wapo wazidishao wanapotakiwa kujumlisha. Ataweka 2/6, kwa yule aliyepata namba ya chini sawasawa akasahau kuibadili ya juu. Sasa kila herufi ina habari ya kumpa mwalimu. Darasa likielemea kwenye 2/5, mwalimu anajua kesho aanzie wapi: awakumbushe kwamba sehemu mbili za tano ni chache kuliko nusu, na hakuna mchumaji wa Pemba atakayekubali kuongezewa karafuu kisha akaambiwa zimepungua.

Wala mtu asidhani kwamba lazima vipotoshi viwe vitatu. Mwaka 2005 Michael Rodriguez, msomi wa Marekani, alizipitia tafiti za miaka 80 juu ya jambo hili, akafikia kwamba majibu matatu kwa jumla yanatosha: moja la kweli na mawili ya uongo yenye nguvu. Kipotoshi cha tatu aghalabu ni maiti, kimewekwa kwa ajili ya desturi tu.

Kiswahili kina mtego wake ambao vitabu vya Kizungu havitatuonya. Lugha yetu husema sana. "Mdudu anayeeneza malaria ni: vumbi, maji machafu, mbu, nyasi." Mdudu hapo ni mmoja tu! Mtoto hana haja ya kujua lolote juu ya malaria. Neno "mdudu" limekwisha kumnong'oneza. Au "Chombo cha kupimia joto ni: rula, kipimajoto, saa, mizani," ambapo jibu limevaa swali zima mwilini. Ukitaka kujua mtoto anaamini nini juu ya malaria, muwekee yale yasemwayo uani: kwamba homa huletwa na kunyeshewa mvua, au na maembe mabichi. Hapo ndipo mbu atakapolazimika kushindana, na mwalimu atakapojua kama somo lake limeingia nyumbani au limeishia ubaoni.

Liko jingine zito zaidi. "Chagua sentensi sahihi," husema karatasi, na miongoni mwa makosa imewekwa "Kwenda wapi?" kwa maana ya "Unakwenda wapi?" Mtoto wa Pemba huisikia sentensi hiyo kwa mama yake alfajiri na kwa babu yake magharibi. Sahihi kwa nani? Kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Ulikuwa uamuzi tu, haukuwa hukumu juu ya nyumba za watu. Sipingi mtoto kufunzwa usanifu, bali aupate barabara, kwani bila huo hatavuka. Nataka swali liseme "katika Kiswahili sanifu". Maneno matatu. Yakikosekana, mtihani humfunza mtoto kwamba mama yake hajui kusema.

Kwa wale watunzi walioapa kwamba ubeti hauingii katika herufi, natoa mishororo miwili ya papo kwa papo, isiyo na madai ya umalenga:

Pwani jana nilifika, ngalawa sikuiona,
Tanga lake kaliweka, uani kwake Amina.

Swali: ni lipi limtialo msemaji wasiwasi? Kwanza, kwamba ngalawa haipo. Pili, kwamba ngalawa haipo na tanga limebaki. Tatu, kwamba Amina ni mwizi. Achaguaye la kwanza amesoma mshororo mmoja. Achaguaye la tatu amekuja na hadithi yake mwenyewe. La pili hulipata aliyeisoma mishororo yote miwili na kuifunganisha, na kufunganisha huko ndiko kusoma shairi. Vina na mizani vimebaki salama, wala hakuna aliyeulizwa jina la bahari.

Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambamo huelezwa ni wangapi waliovutwa na kila herufi. Ni hazina, ijapokuwa mara nyingi sababu huishia pale pale, kwamba mtahiniwa hakuwa na maarifa ya kutosha. Zisomwe skuli, na zisomwe kwa ukaidi. Kisha, kabla karatasi yoyote ya muhula haijapigwa chapa, wapewe wanafunzi kumi wa darasa la juu yake, na kila mmoja aulizwe kwa sauti kwa nini hakuyachukua yale majibu mengine. Swali walilolipata wote kumi kwa sababu isiyokuwa ya somo, litolewe. Kazi hiyo ni ya alasiri moja, na ningependa ianze na lile la tathlitha.