Kifauwongo Hakifi Bure

Wengi wetu tuliokulia pwani twakijua kifauwongo, ule mmea mdogo wenye miiba unaotambaa kando ya njia. Asili yake ni Amerika ya joto, lakini umeenea hata huku kwetu, na wazee wetu wakaupa jina lenye maana yake ndani yake. Mtoto akiupitishia kidole, majani hujikunja mawili mawili, kikonyo nacho kikaanguka kana kwamba kimekata roho. Baada ya dakika kadhaa majani hufunguka tena. Mchezo huu twaujua sote, ila ni wachache waliopata kuuliza: mmea usio na macho wala ubongo hupataje habari ya kidole, na wafa uwongo kwa faida gani?

Ama jinsi ufanyavyo ni hivi. Pale jani linaposhikana na kikonyo, na kikonyo kinaposhikana na shina, pana kivimbe kidogo ambacho chembe zake zimejaa maji. Mmea uguswapo, ishara ya umeme hafifu hupita mpaka kwenye kivimbe hicho. Hapo chumvichumvi hutoka katika chembe za upande mmoja, na maji huzifuata. Upande huo hulegea, na jani huanguka. Hapana msuli wala mshipa wa fahamu. Ni maji tu yaliyohama, nayo yakirejea, jani huinuka.

Ama faida yake, wataalamu wa Japani walitangaza mwaka 2022 jaribio lililo wazi. Walipata mimea ya kifauwongo isiyoweza kujikunja, wakaitia panzi pamoja na ile iliyo mizima. Ile isiyojikunja ililiwa zaidi. Basi kifauwongo hakifi bure. Hufa uwongo kisije kikafa kweli.

Wala si kuguswa peke yake. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliutia gizani mmea wa namna hii, akaona kuwa hata bila ya jua uliendelea kufungua majani mchana na kuyafunga usiku, kana kwamba una saa yake ndani.

Na mimea mingine nayo ina habari zake. Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1880 kwamba mche mchanga wa nyasi huinamia upande wa mwanga. Walakini ncha yake ikifunikwa, mche hauinami, ijapokuwa mahali unapopinda ni chini ya ncha. Baadaye ikajulikana kuwa ncha hupeleka chini kitu kiitwacho oksini, ambacho hukusanyika upande wa kivuli na kuurefusha. Upande mmoja ukirefuka kuliko wa pili, mche hauna budi kupinda. Ndiyo sababu mche tuuwekao dirishani huinama kuelekea nje, na yatupasa kuugeuza mara kwa mara ili usimame wima.

Tukiyatazama haya twaona jambo moja: mnyama akichomwa na jua hukimbilia kivulini, akimwona adui hutoroka, mti hauna pa kukimbilia. Uliko ndiko utakakoishi na ndiko utakakofia. Kwa hiyo ukajaaliwa kuyahisi mazingira yake na kuyajibu papo hapo ulipo.

Hapa vijana wetu wajihadhari na makosa mawili. La kwanza ni kuudhani mmea kuwa ni kama jiwe lisilohisi lolote. La pili ni kuupa akili, huzuni na maneno ya binadamu, kama wasemavyo wengine. Kuhisi si kufikiri, na ishara ya umeme si kilio. Tuuseme kwa kadiri ya ilivyothibiti, nayo yatosha kutustaajabisha.

Na wazazi wawaambie watoto neno hili: jani lililojikunja halipati mwanga kama lililofunguka, na kwa mwanga ndipo mmea ujitengenezeapo chakula. Kukigusa kifauwongo mara moja ili kujifunza ni elimu. Kukisumbua kutwa nzima ni kukinyima riziki yake. Asiyeweza kukimbia wala kupiga kelele ndiye apasaye kuhurumiwa zaidi.