Chupa za kale zitufunze kuyasoma matangazo

Wapo watu, na si haba, wanaomcheka mtu mzima akusanyaye chupa tupu. Huuliza: ikiwa kilichokuwamo kimekwisha nyweka, chombo ni cha nini? Kwa maoni yangu, wanaouliza hivyo hawajazitazama vyema chupa za kale za matangazo, zile zilizoumbwa kwa mfano wa watu, nyumba na mimea. Chupa hizo zilinena kabla hazijafunguliwa.

Hebu tuitazame Marekani ya karne ya 19. Huko ziliuzwa dawa chungu, yaani mitishamba iliyoloweshwa katika kileo, kwa ahadi ya kuponya maradhi mengi. Wauzaji walikuwa tele, na kila mmoja alitaka bidhaa yake itambulikane kwa mbali. Mwaka 1862 P. H. Drake wa New York alisajili chupa yenye umbo la kibanda cha magogo. Mwaka 1868 ikasajiliwa chupa ya dawa ya Brown, yenye umbo la mwanamke wa Wenyeji Asilia wa Marekani, ngao mkononi.

Maumbo hayo yalikuwa na kazi. Kibanda kilimkumbusha mnunuzi unyofu wa maisha ya shambani. Mwanamke yule naye sura yake iliazimwa ili mnunuzi aamini kwamba ndani mna hekima ya mitishamba ya jamii yake. Kumbe kilichomchangamsha mnywaji aghalabu kilikuwa pombe! Naam, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ni sheria ya vyakula na dawa ya mwaka 1906 iliyowalazimisha wauzaji wa dawa nchini humo kutaja kwenye kibandiko kiasi cha pombe kilichomo.

Ndiyo maana nashikilia kuwa mkusanyaji hodari ni mwanafunzi wa historia. Yeye huchunguza mshono wa kioo. Katika chupa iliyopulizwa ndani ya kalibu, mara nyingi mshono hukoma chini ya mdomo, kwani mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Katika chupa ya mashine, mshono hupanda hadi juu. Hasadiki hata tarakimu zilizochorwa. Chupa ya wiski ya E. G. Booz wa Philadelphia, nayo ya umbo la kibanda, ina mwaka 1840, ilhali wajuzi huihesabu kuwa ya miaka ya 1860, na mifano yake ya kuigiza ilitengenezwa katika karne ya 20. Wengine hudai kwamba neno la Kiingereza "booze", yaani kileo, lilitokana na jina lake, hali neno hilo lilitangulia kwa karne kadhaa.

Lawama yangu nawatupia wale wanaozithamini chupa hizi kwa bei na rangi pekee. Anayeisifu chupa ya Brown kwa uzuri wake na kuficha udanganyifu uliouzwa kwa sura ile, huyo anamtangazia biashara muuzaji aliyekufa zamani.

Pengine msomaji atauliza: chupa za Marekani zinamhusu nini mwanafunzi wa Kenya? Zinamhusu sana, kwa kuwa mbinu ile haijafa. Mwalimu hana haja ya kuagiza chupa ng'ambo. Na aweke mezani kopo lolote la dukani lenye picha ya kupendeza, kisha awaulize wanafunzi: ni nani aliyechagua sura hii? Inatuahidi nini? Maandishi madogo ya ubavuni yanasema nini ambacho picha imekinyamazia?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana atakayezoea kuuliza maswali hayo darasani atayauliza pia dukani, na hata siku ya kupiga kura.